Barua Tatu Kwenye Tupio

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi juu milimani Uluguru, mahali ambapo mtandao hushika ukisimama nyuma ya kanisa tu, tena kwa kubahatisha. Nilipoomba nafasi ya kusomea shahada mkoa mwingine, barua pepe yangu niliifungulia kwenye kompyuta ya dada yangu, mjini Morogoro. Dada ndiye aliyenilea akanisomesha. Nywila aliijua, na kila nilipompigia alisema chuo hakijajibu.

Nikasubiri miezi miwili. Jumamosi moja nilishuka, nikapita maktaba ya chuo kingine, pale Mazimbu. Mkutubi, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yangu akanisaidia kuifungua barua pepe yangu. Hakukuwa na kitu. Akaniuliza kama nimeangalia kwenye Tupio. Alinieleza kwamba ujumbe ukifutwa haupotei papo hapo. Unakaa humo siku thelathini, ndipo unajifuta wenyewe, isipokuwa mtu aamue kulisafisha mapema. Wengi, alisema, hawajui hilo.

Dada pia hakujua. Zilikuwamo barua tatu, zote zimeshafunguliwa. Ya kwanza ilisema nimechaguliwa. Ilibakiza siku mbili ijifute. Ya pili ilinikumbusha kuthibitisha. Ya tatu, ya wiki hiyohiyo, ilisema nafasi amepewa mwingine. Ingekuwa moja, ningesema kidole kimeteleza.

Nilimkuta uani kwake akichambua mchele. Nikamweleza nilichokiona. Hakukana. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Ungeondoka, mama angebaki na nani?"

Mama yetu alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia, nami ndiye niliyekaa naye kijijini.

"Ungeniuliza, dada."

"Ningekuuliza, ungekwenda."

Ni kweli, ningekwenda. Lakini ile miezi miwili alikuwa akinifariji kwenye simu, ananiambia Mungu hachelewi, huku anafuta. Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko nafasi yenyewe.

Nilirudi maktaba nikabadili nywila. Mwaka uliofuata niliomba tena, nikapata, na mama akahamia kwa dada. Kumbe iliwezekana.

Mama hajui. Nikija likizo nashinda naye mchana kutwa, jioni naenda kulala kwa shangazi. Akiniuliza sababu, namwambia kwa shangazi ni karibu na stendi.