Mchi Mbele ya Jeneza la Bibi

Andika, mjukuu wangu Rukia, na usiyapambe maneno yangu. Baba yangu aliitwa Hassani Mtepa, mzaliwa wa Nkowe. Mama yangu aliitwa Somoe binti Likanga, mzaliwa wa Mnero. Mimi sikupelekwa shule, kwa hiyo mkono ni wako, lakini maneno ni yangu, na hata yale yatakayokuchoma uyaandike kama nilivyoyasema.

Harufu ya utoto wangu ni ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto. Jirani zetu walikula ugali wa mhogo kwa kisamvu, na hawakuchinja ila siku ya sikukuu. Kwetu manyoya yalitapakaa uani hata siku za kazi, upepo ukayapeleka kwenye nyua za wenzetu, nao wakayafagia. Ilikuwa miaka ile Wazungu walipofyeka pori la Nachingwea ili walime karanga. Malori yakawa mengi, barabara ya Ruangwa ikawekewa gogo la kuzuia vyombo, na baba yangu akawa askari wa kusimamia gogo hilo. Kazi yake ilikuwa kukagua breki, taa, kengele na mizigo iliyozidi. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa kando ya barabara, na kila alilolitamka pale tulilisikia tukiwa kinuni.

Malori ya wenye maduka yalipita yameinamia upande mmoja kwa uzito wa magunia, baba akainua gogo na kupiga saluti. Baiskeli ndizo zilizosimamishwa. Mkulima aliyebeba ufuta wake aliulizwa taa mchana wa jua kali. Mwenye taa aliulizwa kengele. Mwenye vyote viwili aliambiwa kwamba breki yake haijairidhisha Serikali. Hata hivyo, baba hakuwahi kumwambia mtu waziwazi alete kitu. Alikuwa na njia yake, na njia hiyo ndiyo inayonitia haya hadi leo. Ukoo wetu na ukoo mmoja wa Mbekenyera ni watani tangu enzi za mababu, na mtani, kama ujuavyo, huchukua kuku wako mbele ya macho yako nawe ukacheka. Basi baba alipomwona mtu wa ukoo ule, alifungua tenga lake huku akichekelea: "Mtani wangu, jogoo huyu amekuja kunisalimu!" Mwenye kuku alicheka pia. Angefanya nini? Utani hauna mahali pa kushtakiwa. Lakini utani wa kweli huenda na kurudi, na hakuna mtani aliyethubutu kuingia uani kwa askari akaondoka na chochote.

Msimu mmoja wa kuvuna ufuta, alifika Athumani wa Mbekenyera akisukuma baiskeli, mkewe Bi Zuhura ameketi nyuma kwenye kariya, ana mimba iliyotimia na uchungu umeanza. Walikuwa wanakwenda kwenye zahanati ya Mnero. Baba akaizunguka baiskeli, akauvuta mkanda wake juu ya tumbo kama ilivyokuwa desturi yake, akasema haina kengele.

"Na kuku wangu yuko wapi leo, mtani?"

"Bwana Askari, leo nimebeba mgonjwa."

"Basi mgonjwa aende, baiskeli ingoje kuku."

Alicheka aliposema hivyo, lakini baiskeli aliiegemeza ukutani kwetu. Bi Zuhura akashuka, akashika bega la mumewe, wakaondoka kwa miguu. Mama aliacha kutwanga, akasimama na mchi mkononi mpaka walipopotea kwenye kona. Mtoto alizaliwa njiani, majanini. Mungu alimhurumia akaishi. Athumani akarudi na jogoo, akachukua baiskeli yake.

Kiangazi kilichofuata alifariki bibi yangu, mama yake baba, nyumbani kwetu. Watani wa Mbekenyera walikuja kama mila inavyotaka, wakachota maji, wakapika, wakatutania katikati ya kilio. Wanaume walipoinua jeneza ili watoke uani, Bi Zuhura, mwanawe mgongoni, akautwaa mchi wetu akaulaza njiani. Kichwani alikuwa amevaa nusu ya kibuyu kama kofia ya askari.

"Simama! Chombo hiki kina taa?"

Watu wakaangua kicheko.

"Kengele je? Tena wanaume wanne mnasukuma baiskeli moja, na abiria amelala! Kosa juu ya kosa!"

Akauvuta mkanda wa hewa juu ya tumbo lake. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamwona baba.

Baba alitoa senti za kufungua njia, kama wafiwa wote wafanyavyo. Bi Zuhura hakuzitazama. "Ziweke, mtani. Waambie tu watu hawa, siku ile mimi nilikuwa na kosa gani?"

Kicheko kikakatika. Waliobeba jeneza wakabadilisha mabega. Maiti hacheleweshwi, na mfiwa haruhusiwi kumkasirikia mtani wala kuuruka mchi wake. Baba akamtazama mwalimu wa msikiti, mwalimu akatazama kando. Mtoto mgongoni mwa Bi Zuhura akapiga chafya.

"Hukuwa na kosa," baba akasema.

"Sauti, mtani. Mama yako hajasikia."

"Hukuwa na kosa!"

Bi Zuhura akauinua mchi. "Piteni. Gogo limefunguliwa."

Laiti ningeweza kukuambia kwamba baba alibadilika. Masika yaliyofuata yalipita uani petu bila unyoya. Kisha asubuhi moja nikaamshwa na harufu ile ile. Mama alikuwa ameshainjika maji, nami nikala pamoja na wengine. Hilo ndilo linaloniinamisha kichwa kuliko majogoo yote: kwamba baba alijua, akalitamka mbele ya maiti ya mama yake, halafu akarudi barabarani kuuvuta mkanda wake.

Siku hizi wanaosimamishwa ni vijana wa bodaboda. Wakirudi nyumbani husema, "Nimeongea na askari vizuri," na hucheka. Kicheko hicho nakijua. Nilikisikia nikiwa kinuni. Na wewe, Rukia, umechaguliwa kwenda chuo cha polisi. Nimeshangilia pamoja na wenzangu, lakini usiku sikulala.

Firimbi ya baba ya uaskari niliitupa chooni, usiitafute. Utunze mchi ule ulio jikoni, usikubali mtu aufanye kuni. Siku yangu itakapofika, watani wa Mbekenyera watakuja, nao watakuwa na la kusema juu ya nyumba hii, na pengine juu yako. Usiwatie senti mkononi upesi ili wanyamaze. Wape mchi, waulaze wanapotaka, nawe usimame usikilize mpaka wamalize. Mimi nitangoja.