Pini Mdomoni mwa Daktari wa Mawazo

Mtu akianza kukuletea chai bila kuagizwa, kaa chonjo. Nimeshona nguo za watu miaka thelathini na moja, sidanganyiki kirahisi. Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu alipogeuka asali ghafla wiki ile, machale yakanicheza.

Huyu binti alihitimu saikolojia mwaka jana, mtaani wakambandika jina la Daktari wa Mawazo. Anakaa kwangu akitafuta kazi. Usaili wa kwanza wakamkataa, wa pili wakamkataa, na sketi nyeusi aliyoivaa mara zote mbili niliishona mimi kwa mikono yangu. Wa tatu ulikuwa Alhamisi, hospitali, kazi ya mshauri nasaha. Badala ya kusoma madaftari yake, akawa anavuta kiti karibu na cherehani yangu.

"Shangazi, umeamkaje leo?"

"Kwa miguu."

"Na kazi, siku hizi unaionaje?"

Unaionaje! Moyo ukanilipuka paa. Nikamtuma dukani akanunue vifungo nisivyovihitaji.

Niseme ukweli: macho yangu yalikuwa yanakwenda. Kutia uzi kwenye sindano kulinichukua robo saa nzima, na kati ya uzi mweusi na wa rangi ya damu ya mzee nilikuwa nabahatisha. Sikumwambia mtu. Kaka yangu anatafuta kisingizio cha kunifungia kibanda cha kushonea tangu mume wangu afariki, eti nikaishi kwake, nikae kwenye kochi siku kutwa. Angesikia habari ya macho tu, kesho yake angekuja na gari la kubebea vyombo. Na kumbe mpelelezi wake nilikuwa namlaza chumbani kwangu!

Jumanne nikainua mto wa kiti chake nikitafuta tepu. Nikakuta daftari. Nikalipeleka mlangoni penye mwanga, na kwa bahati mwandiko wake ni mkubwa. "Mwanamke, miaka 58. Anakwepa maswali kwa mzaha. Akibanwa, anamtuma mtu dukani."

Loo, damu ilinichemka! Alipoingia nikamrushia daftari kifuani.

"Baba yako kakuahidi nini?"

"Baba? Hapana, Shangazi! Ni mazoezi tu." Akaangua kilio. Akasema kwenye usaili uliopita walimletea mtu wa kujifanya mgonjwa, naye akamshauri mfululizo mpaka yule mtu akaangalia saa. Alhamisi wangefanya vilevile. "Nilitaka kujizoeza kwa mtu mgumu. Sijui mgumu kukuzidi wewe."

Nusu nilimwamini, nusu sikumwamini. Ila kosa lake nililiona: kiherehere cha mdomo. Mimi wateja wananimwagia siri zao zote, za ndoa na za wakwe, wala siwaulizi kitu. Nikipima pindo huwa nimebana pini kwa midomo, na mtu asiyejibiwa huendelea kusema.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Bana hizi." Nikampa pini tano. Moyoni nikapanga kumtega: nimwambie nimepata mchumba, kisha nisubiri kama kaka atapiga simu.

Nikamsimulia huyo mchumba, seremala, mrefu, pengo mbele. Akanitazama tu. Nikamwongezea gari. Akanitazama. Nikaishiwa. Kibanda kikawa kimya, na yule mtoto hatikisiki, pini zimechomoza mdomoni kama sharubu za paka. Nilitaka kucheka. Badala yake nikaisikia sauti yangu ikisema, "Sioni vizuri, mwanangu. Sindano siioni. Naogopa."

Nikajua nimekwisha. Nikasubiri ashtuke, aanze maswali yake. Hakushtuka. Alichomoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini, akaniwekea mkono gotini, kimya vilevile. Hapo shaka ikanirudia kwa nguvu.

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini? Nani kakwambia? Baba yako naye anajua?"

"Baba hajui kitu. Akipiga simu namwambia umebanwa na kazi."

"Sasa wewe ulijuaje?"

Nikambana mpaka akainuka, akaileta ile sketi yake ya usaili, akageuza pindo, akanisogeza mlangoni kwenye jua. Nikaishika karibu na pua. Mbele nilikuwa nimeshona kwa uzi mweusi. Nyuma yote ni damu ya mzee, mishono mirefu imejitokeza nje, hata mpita njia angeiona.

"Ukaivaa hivi? Mbele ya jopo? Mara mbili?"

"Ningeiacha, ungeniuliza kwa nini siivai."

Nikachukua wembe, nikaanza kulifumua pindo lote. Alhamisi ilikuwa kesho kutwa. Uzi alitia yeye.