Wiki Nilipolifunga Grupu la Kanisa

Grupu la kanisa letu hapa Kilindoni halifungwi tena, hata watu wakitumiana picha za vifaranga wa kuuza. Anayelalamika namwambia avumilie au azime simu yake. Zamani sikuwa hivyo. Mimi ndiye katibu wa kanisa, na kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Mwalimu hata akistaafu, kila mkusanyiko bado anauona darasa.

Sisi Wakristo wa Mafia si wengi, na wengi wetu ni watu wa kuja: manesi, mafundi, walimu, askari. Leo upo, kesho umehamishwa. Kijijini unaweza kukaa Mkristo peke yako, na majirani zako Waislamu wakakutunza vizuri tu, lakini wa kuimba naye huna. Ndiyo maana tulianzisha grupu. Ratiba za ibada, habari za wagonjwa, zaburi ya asubuhi ambayo mchungaji aliisoma kwa sauti yake na kuituma, vyote vilipita humo, na mtu wa kijijini Kiegeani akajiona yuko pamoja na wa mjini.

Kisha yakaingia mengine. "Tuma kwa watu kumi upate baraka." Mitumba. Mpira. Jumatatu moja wanakwaya wawili waligombana humo juu ya rangi ya sare, mpaka mmoja akaigusa ndoa ya mwenzake. Nilipandwa na hasira. Nikaligeuza grupu ili aandike katibu peke yake, kisha nikarekodi sauti, ile ile niliyokuwa nikiitumia shuleni, wanafunzi wakiwa mstarini asubuhi: "Nimelifunga. Mwenye neno lake aje aniambie Jumapili kanisani, na msinipigie simu." Nilijisikia vizuri sana. Nyumba ilitulia na bando langu likadumu.

Jumanne ya wiki iliyofuata nilikwenda sokoni asubuhi. Kuna mama wa kijiji cha Ndagoni anayeuza pweza, nami tumezoeana kwa utani. Siku hiyo hakunitania. Aliitikia salamu, akaweka kisu chini.

"Mwalimu, nyie kwenu mtu akifa hamzikani?"

Nikamuuliza kafa nani.

"Yule fundi mwashi wenu wa bara. Kafa jana alasiri. Wazee wamekwisha kumwosha na kaburi wamechimba. Wanasema dua zenu hawazijui, wasije wakamkosea maiti wa watu. Wanawangoja nyie."

Fundi huyo na mkewe niliwajua kwa sura. Walikuja kanisani miezi michache nyuma, wakakaa benchi la mwisho. Niliwaingiza kwenye grupu kwa mkono wangu mwenyewe, wakaja Jumapili mbili tatu, kisha sikuwaona tena. Mwanafunzi akikosekana darasani mwalimu huuliza yuko wapi. Mimi sikuuliza.

Nililifungua grupu palepale, nimesimama kwenye maji ya samaki. Niliandika kwamba mwenzetu amefariki Ndagoni, anazikwa leo, anayeweza aje. Nikampigia mchungaji, alikuwa bara, na boti ilikuwa ya kesho yake. Nikapanda bodaboda.

Mjane alikuwa ndani, wanawake wa kijiji wamemzunguka, mmoja amemshika mabega. Alijaribu kunyanyuka aliponiona.

"Shikamoo, mwalimu."

Niliitikia marahaba. Badala ya kumpa pole, nikamuuliza kwa nini hakuniita. Swali hilo mpaka leo natamani ningelimeza.

"Niliandika Jumatano, simu ikakataa," alisema. "Mwenyewe alitaka mje mumwimbie. Nikaisikiliza tena sauti yako, ukasema Jumapili, na tusipige simu. Jumapili nikashindwa kumwacha, maana alikuwa hawezi kujigeuza."

Hakuwa ananilaumu. Alieleza kwa adabu, kama mtoto anayemweleza mwalimu kwa nini hakuja na daftari. Alikuwa mgeni kisiwani, hajui kwamba wenyeji wa kanisa wananifahamu, wanaacha nifoke kisha wananipigia vilevile. Yeye alitii. Hasira hasara, wanasema, na hasara ya hasira yangu ilimwangukia mtu ambaye hakunikosea lolote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Saa nane mchana wakaanza kufika. Bodaboda moja, halafu tatu, halafu gari la kubebea mchanga likiwa na kwaya nyuma, na wale wawili waliogombana wameketi bega kwa bega. Nesi mmoja alikuja bado yuko kwenye sare ya kazi. Tangu nilipoandika pale sokoni hazikuwa zimepita hata saa tano. Nilianza kuhesabu siku kurudi nyuma mpaka Jumatano, nikaacha.

Kaburini mchungaji aliongoza ibada kwa simu. Mzee mmoja wa kijiji, kofia yake kichwani, aliishika simu yangu kwa mikono miwili karibu na jeneza ili kila mtu asikie, na dua ilipoisha wanaume wa Ndagoni waliitikia "Amin" kwa sauti kutushinda sisi. Tulipoanza kuimba mtandao ukakatika. Tuliendelea bila mchungaji, beti zote, na mzee hakuishusha simu.

Tulipomaliza, mjane alitutazama mmoja mmoja, akazigeukia bodaboda zilizoegeshwa njiani, akaturudia tena. Kisha akanisogelea.

"Kumbe mpo wengi hivi," alisema. "Wiki nzima alikuwa akiniuliza kama kanisa bado lipo. Nikawa namwambia sijui."