Mkalimani wa Redio

Fundi cherehani huyu alikuwa mkalimani wa binti yake kwa miaka saba, na hakuna aliyemwajiri. Mtoto alizaliwa misuli imekaza, ya miguu na ya mdomo, na maneno yalimtoka yamekunjamana. Mama peke yake ndiye aliyeyaelewa. Bibi yake akambandika jina Redio, maana hanyamazi, ila stesheni huishiki mpaka umtafute mama yake.

Kulea mama alijua, asisingiziwe. Vifungo vya blauzi Redio alijifunga mwenyewe, hata ichukue nusu saa, mama kakaa pale na pini mdomoni anasubiri. Akianguka kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, aliambiwa, "Haya, inuka, nakuona." Kulia ruksa, lakini ainuke.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Siku moja shangazi mtu aliuliza mtoto anacheka nini, na mama akasema ukweli: "Anasema wigi lako limesinzia." Loo! Shangazi alibeba mkoba wake, akapita mlango kwa mlango akitangaza kuwa hata kichwani mtoto hayuko sawa. Tangu hapo mama akawa anapunguza maneno ya mtoto. Redio akisema cherehani inatafuna kitambaa kwa hasira ya kunyimwa chai, mama husema, "Anaomba chai." Alifanya hivyo bila uchungu wala raha. Hata kuona haya aliacha.

Basi ikafika asubuhi ya mahojiano shuleni. Mwalimu mkuu, mwanamke wa miwani na maneno machache, hakuzunguka.

"Darasa la kwanza nina nafasi moja. Kutamka si tatizo langu. Nataka kujua kama anafikiri."

Akaweka picha mezani: ng'ombe amesimama mlangoni mwa nyumba. Redio akasema, mate yakimtoka, shingo ikipinda kwa bidii.

"Anasema ni ng'ombe," mama akatafsiri.

"Na nini tena?"

Redio akaongeza mengi.

"Anasema yuko mlangoni."

"Mama, hivyo hata wa miaka mitatu hujibu." Mwalimu akafunika kalamu. "Tumpe mwaka mwingine nyumbani."

Jamani, mama alisikia kwa masikio, moyoni hakusikia kitu. Alikuwa ameshanyanyuka achukue mkoba. Redio ndiye aliyepiga meza kwa kiganja, akamkazia mama macho, akatamka neno moja moja.

"Kasema nini?" mwalimu akauliza.

Angeweza kusema anaomba maji, mdomo ulishazoea. Lakini yale macho hayakumwachia.

"Anasema mimi muongo." Akakaa tena. "Ni kweli. Alisema ng'ombe amekuja kudai maziwa yake. Amebisha hodi tangu alfajiri, na wenye nyumba wamejificha chini ya meza, midomo bado myeupe."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akamwinamia mtoto mwenyewe. "Na wasipofungua je?"

"Anasema ataingilia dirishani," mama akatafsiri. "Pembe kwanza."

"Jumatatu, saa moja na nusu. Na wewe, mama, utamwacha getini. Tutajifunza kumsikia wenyewe."

Redio akapiga kelele ya furaha, kiti kikatikisika. Mama alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani.

"Mbona umepoa, mama? Hujafurahi?" mwalimu akauliza.

Mama akajitafuta ndani, hakukuta kitu. Miaka saba watu wanamuuliza mtoto kasemaje. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza lolote. Redio akamjibia mama yake, taratibu, kwa kirefu.

"Kasema nini?"

Mama akatafsiri yote, asipunguze hata neno.

"Anasema, 'Furaha ya mama imelala. Ilichoka kunibeba. Msiiamshe, nitaisubiri.'"