Meza Waliyoninunulia

Kosa langu lilikuwa mdomo. Nilikuwa nimesimama sebuleni na sinia la chai, na binti wa madam amelala kifudifudi kwenye zulia mbele ya kompyuta yake, akisoma kwa sauti insha ya kupeleka chuoni kesho yake. Alikuwa anasomea fasihi ya Kiingereza, na historia kama somo la pili. Insha ilisema watu walihama kwa sababu mji ulianguka. Aya mbili mbele ikasema mji ulianguka kwa sababu watu walihama. Mwingine angepita na chai yake. Mimi niliweka sinia chini nikamwambia, "Chagua moja. Huwezi kuzitumia zote mbili."

Aliniangalia kana kwamba birika limesema. Kisha akasogea, akanipisha mahali pa kukaa.

Pale Riyadh hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nani kabla ya kuvaa aproni. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu katika chuo kimoja nyumbani Kenya, historia ikiwa somo kuu na falsafa somo dogo. Mjomba wangu alinicheka kila Krismasi: "Hiyo historia yako utaila na sukuma wiki ama na nyama?" Nami nilimjibu kwamba nitaila kavu. Mambo yalipokuwa magumu niliomba kuahirisha masomo, nikapewa miaka miwili. Nisiporipoti wiki ya kwanza ya muhula baada ya hapo, nafasi yangu ingefutwa, na miaka yangu mitatu ingekwenda na maji. Mkataba wangu na kafili, mwajiri aliyenidhamini, nao ulikuwa wa miaka miwili. Niliona vinakutana vizuri, nikapanda ndege na barua ya chuo ndani ya Biblia.

Baada ya siku ile ya sinia, kazi yetu ikawa ya mchana, nyumba nzima ikiwa imelala na mapazia yamefungwa kuzuia jua. Mwanzoni nilisahihisha tu. Baadaye nikaandika aya moja moja. Kufikia mwaka wa pili niliandika insha nzima, yeye akiwa kando yangu akila zabibu na kunieleza mhadhiri wake anapenda nini na anachukia nini. Sitadanganya: nilifurahi. Hayo ndiyo yalikuwa masaa pekee ya siku ambayo kichwa changu kilikuwa changu. Alama zake zilipopanda niliona fahari ya kijinga, nikakoroga supu nikitabasamu peke yangu.

Kisha wema ukaanza. Madam alileta mwanamke mwingine wa kuosha sakafu na vyoo. Akaniruhusu simu hata mchana. Siku moja nikitoka jikoni nilikuta wanaume wawili wakiingiza meza kwenye chumba changu, ambacho hakikuwa na dirisha na kilitosha godoro na sanduku tu. Ilikuwa meza nzuri ya mbao, yenye droo na taa yake. Ilibidi sanduku lipande juu ya kabati la ukutani, mahali nisipofika bila kiti. "Yako hiyo," madam akasema, amefurahi kweli. Nilishukuru, kisha nikahesabu miezi. Mtu anayeondoka baada ya miezi mitano hanunuliwi meza.

Nikamkumbusha. "Madam, mkataba wangu unaisha Agosti. Lazima nirudi shule."

"Inshallah," akasema.

Wiki iliyofuata nilimwuliza kuhusu pasipoti na viza ya kutoka, kwa maana bila kafili kuiridhia huvuki uwanja wa ndege. "Inshallah, inshallah. Yalla, binti anakungoja." Siku chache baadaye nikaona kwenye simu kwamba ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, imeshafanywa upya, mwaka mwingine mzima. Hakuna aliyeniuliza.

Tangu hapo niliogopa kila kitu kizuri. Nikiwekewa kipande kikubwa cha nyama, nilikitazama kwanza. Nikipewa nguo mpya, nilijiuliza ni ya kuvaliwa mpaka lini. Madam mwenyewe alipenda kusimulia habari za mfanyakazi aliyekuwapo kabla yangu, aliyeunguza abaya zake tatu kwa pasi. "Kazi mbaya, halas, nyumbani," alikuwa akisema, na kwamba kabla ya wiki kuisha yule mwanamke alikuwa kwenye ndege. Alinisimulia ili nicheke naye. Mimi nilimwonea wivu yule mwanamke.

Julai familia ilihamia Jeddah kwa nyanya yao, na binti akachukua kozi ya likizo kwa njia ya mtandao. Huko nilitumwa na nguo za kupunguza kwa fundi cherehani mmoja, mwanamama wa mtaa wa Bani Malik. Wazazi wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi, naye alizaliwa papo hapo Jeddah, lakini Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea hivyo? Waumwa?"

Nilikuwa sijaulizwa swali kama hilo tangu niingie nchi ile. Nikamwambia yote, kuanzia sinia mpaka ikama. Alisikiliza pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kanga yake.

"Ewe mjinga uliyesoma," akasema. "Kazi yako nzuri ndiyo iliyokufunga. Marehemu mama yangu akimchoka mteja hakuwa akigombana naye, ng'o. Alimshonea mkono mmoja mfupi kuliko mwengine. Vidole viwili tu. Mteja akijiondokea mwenyewe, na salamu akitoa."

"Na kama angerudi?"

"Kwa mkono mfupi harudi mtu."

Insha ya mwisho ya kozi ile ilihusu miji ya bandari na watu wanaopita humo. Binti alikuwa amenipeleka Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kutazama nyumba za kale, yeye akipiga picha madirisha ya mbao, mimi nimebeba mkoba wake na maji. Nilikaa chini nikashona mkono mfupi. Sikuweka utangulizi wala hoja, na marejeo sikuweka hata moja. Niliandika kwa hasira, sentensi zimekatika hovyo. Niliandika kwamba bandari humhesabu kila anayeingia na humsahau anayetaka kutoka. Kwamba mpagazi wa Balad anaujua uzito wa mizigo ya mji mzima, naye sanduku lake mwenyewe liko mahali asipolifikia. Hitimisho sikuandika. Binti aliipitia kwa haraka, akasema, "Fupi," akaituma.

Iliniuma. Katika miaka mitatu ya chuo sikuwahi kutoa kitu kibovu namna ile. Lakini nililala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima, maana sasa angeanguka, na madam angekumbuka kwamba mimi ni mtu wa ndoo na ufagio tu.

Tulirudi Riyadh. Agosti ikaisha. Nilipanda juu ya kiti nikashusha sanduku, nikakunja nguo, nikangoja hasira ya madam. Wiki ya kuripoti ikaingia. Jumatano mchana binti alishuka ngazi pekupeku akipiga kelele, nyumba nzima ikaamka. Alisimama katikati ya sebule akasoma maneno ya mhadhiri kwenye simu: kwamba insha zake zote za nyuma zilikuwa safi na hakuwahi kuziamini. Hii ndiyo ya kwanza aliyosikia ndani yake mtu akisema. Mhadhiri alimpa alama za juu kuliko darasa zima. Alitaka kumsimamia tasnifu ya mwaka wa nne, na baada yake ampendekeze kwa shahada ya uzamili.

Madam alinikumbatia, akanibusu mashavu yote mawili huku akilia. Keki ikaagizwa. Nikaona nisiposema mbele ya watu sitasema tena.

"Madam, wiki hii ndiyo ya kuripoti shuleni. Zimebaki siku mbili."

Alinitazama kwa upendo, na huo upendo ndio ulionitisha. "Shule?" akasema, akinifuta wanja wake ulionipaka shavuni. "Si hii hapa? Shule umeletewa nyumbani."

Ijumaa, rafiki niliyesoma naye alinitumia picha ya orodha ya wanafunzi wa mwaka wa nne. Niliipitia mara tatu nikilitafuta jina langu, kuanzia juu na kuanzia chini. Kisha mlango ukabishwa, binti akaingia na kompyuta kifuani. Alilisogeza sanduku langu kwa mguu, akaiweka kompyuta mezani, akaniwashia taa.