Shimo Kando ya Matoka

Wakiuru wa Chaka hakuwa mtu wa kudanganywa na tabasamu. Tangu afiwe na mumewe, kila mgeni aliyekanyaga shamba lake alikuwa katumwa na Mugo, shemeji yake, aliyelimezea mate shamba hilo. Mchuuzi wa kuku? Katumwa. Mhubiri mpya? Huyo ndiye hasa!

Sasa Jackie alipotokea, mwanafunzi wa chuo kikuu, na koleo, vigingi na kamba, mnadhani alikaribishwa chai? Thubutu! Kigingi na kamba, Kieni nzima, maana yake ni kukatwa shamba.

"Shosho, nasoma udongo tu. Nataka kujua zamani mvua ilinyesha aje."

"Ati mvua inasomwa? Sema nani amekutuma."

Alimruhusu achimbe, lakini akaketi juu ya debe, macho kodo. Shimo likashuka kando ya matoka, yale maua ya mpaka aliyoyapanda baba mkwe; ng'ambo yake ni kwa Mugo. Matoka hayang'olewi, anayeyang'oa anajitafutia laana. Jackie akamwonyesha ukuta wa shimo: changarawe ya mto uliowahi kupita pale, na chini yake udongo mweusi wa kinamasi, wa enzi ambazo mvua ilikuwa nyingi na hakuna aliyelima. Wakiuru akaguna. Mto wa kale utamfaa nani kama si Mugo?

Na Mugo mwenyewe alikuja kila siku na ndizi mbivu, akimnong'oneza msichana. Mtu ambaye hata mkewe hajawahi kumletea ndizi! Hawa wawili wananila nikiona, Wakiuru akajiambia.

Siku ya nne Jackie akawa anakwangua ukuta chini ya matoka. Akakunja uso.

"Shosho, haya maua yalipandwa juzi?"

"Juzi gani? Mume wangu alikuwa hajazaliwa!"

"Udongo unakataa. Ona, kila mahali matabaka yamelala moja juu ya lingine. Chini ya maua yamekorogwa, na bado ni teketeke." Akafuta koleo. "Ndiyo maana yule mzee wa ndizi ananibembeleza nichimbe kule mtoni."

Wakiuru akakumbuka. Mwezi ule alipolazwa hospitali, Nyeri! Aliporudi aliona matuta ya viazi yamepungua, akawashuku vibarua, akawashuku majirani, akamshuku hata fuko. Matoka hakuyashuku, maana nani angethubutu kuyahamisha?

Mugo akatokea na ndizi zake. Alipoona walipokwangua, sura ikambadilika.

"Hiyo shimo imetosha sasa. Fukieni."

Wakiuru akavua ndara, akateremka shimoni, akaketi kitako kwenye udongo mweusi.

"Haifukiwi. Enda uite ukoo wote wakuje wasome, shemeji. Na hizo ndizi uache. Mimi na msichana wangu tuko na njaa."