Pikipiki ya Mwosha Maiti

Wifi yangu Mwatime alifariki mwezi wa Shaaban mwaka jana, hospitalini, kitandani, mumewe akiwa ameushika mkono wake wa kulia na mimi nikimsomea Yasin upande wa kushoto. Daktari alisema ni saratani ya titi iliyotambaa mpaka kwenye mifupa. Lakini matanga hayajaanuliwa nikasikia, jikoni mwangu mwenyewe, mtu akipakua wali na kusema: "Ni upepo ule. Kifua cha mwanamke hakikuumbwa kupigwa na upepo wa pikipiki." Wenzake wakaitikia kuwa ni kweli, upepo ulimwingia ukakaa.

Sikujibu siku ile kwa kuwa nilikuwa na msiba. Najibu leo. Mwatime aliitwa na Mola wake siku yake ilipofika, kama atakavyoitwa kila aliyekuwa akila wali wangu siku ile. Na habari ya pikipiki, mimi niliyeishi naye nyumba moja pale Grand Prairie, Texas, ndiye niijuaye, si wao.

Najua watu huona ajabu wifi kumtetea wifi. Kazi ya mawifi, wanavyosema, ni kuchunguliana vyungu. Mimi vyungu vya Mwatime nilivila, vikanishibisha, yakaisha.

Alikuwa Mdigo wa Ukunda. Ndugu yangu Zaid alipomuoa, wako waliosema kwetu Mji wa Kale kwamba kijana ameshindwa kutafuta karibu. Mwatime hakuja na mkufu wala kabati la vyombo, ila alikuja na ujuzi ambao bibi yake alimpa tangu akiwa msichana: kuosha maiti wa kike, kumkafini, na kumtoa mikononi mwake akiwa msafi, sanda imefungwa sawasawa. Huku Dallas miaka ile wanawake waliolijua jambo hili walikuwa wa kuhesabika. Wengi wanajua kusoma, wanajua kupika pilau la watu mia, lakini ukiwaambia twende tukaoshe, kila mmoja anakumbuka sufuria aliyoiacha jikoni. Mwatime hakumkataa mtu. Waswahili, Wasomali, Wahindi, Wamarekani weusi waliosilimu na hawana ndugu Mwislamu hata mmoja, wote walipiga simu kwetu. Mkoba wake ulikaa nyuma ya mlango: kafuri, majani ya mkunazi, pamba, udi, glavu. "Walio hai wana hospitali na polisi," alikuwa akisema. "Maiti ana sisi tu."

Tatizo lilikuwa kufika.

Texas si mahali pa kwenda kwa miguu. Tulikuwa na gari moja. Zaid alifanya kazi kwenye ghala la samani kule Mesquite, mashariki kabisa, na aliwachukua wenzake watatu ambao hawakuwa na usafiri. Mwatime alihudumia wazee katika nyumba moja ya wazee Cedar Hill, upande wa kusini. Gari likiwa Mesquite, yeye ni mtu wa kuomba lifti. Kazini alipata, maana kulikuwa na Mkongo mmoja, Bisimwa, aliyefanya kazi hukohuko na kupita njia yetu yeye na mkewe. Lakini simu ya msiba haina ratiba ya lifti.

Masika ya 2003 ikanyesha mvua ya mawe makubwa kama mayai ya bata. Gari letu lilikuwa uwanjani. Mvua ilipokatika tukatoka kulitazama: paa limebonyea kila mahali, vioo vyote vimekwenda. Watu wa bima wakasema halifai kutengenezwa, wakatulipa. Ndipo mjadala ulipoanza, maana pesa zile zilitosha kwa moja kati ya mambo mawili. Ama gari moja zuri, ama gari kuukuu pamoja na pikipiki.

Shauri la gari zuri lilikuwa la Zaid. Kaka yetu Abdulbasit, aliyekuwa akiuza magari Houston, alikwisha kumwekea Camry nyeupe, viti vya ngozi, kipoza hewa kinachogandisha. Alipiga simu kila jioni kama anayeposa. La pikipiki lilikuwa la Mwatime.

"Mke wangu juu ya pikipiki," Zaid alisema tukiwa mezani. "Watu watasema nini?"

"Watasema Mwatime amefika."

"Watasema mume ameshindwa kumhifadhi."

"Hiyo Camry itanihifadhi wapi? Mesquite? Itakaa huko mchana kutwa na kiti chake cha ngozi, na mimi nimekaa hapa na mkoba wangu mapajani."

Zaid akanigeukia. "Dada Nahla, mwambie wifi yako."

"Nimwambie nini?" nikasema. "Wewe ndiye mwenye kumpeleka. Mpeleke."

Wakakubaliana wasali istikhara, wamwachie Mwenyezi Mungu awachagulie. Mwatime alisali, akaendelea na shughuli zake. Zaid naye alisali, kisha akawa analala mapema, maana kwetu wengi wanaamini lazima jibu lije kwa ndoto. Siku ya tatu akaamka uso unang'aa.

"Nimeota gari jeupe," akasema. "Limesimama kwenye nuru. Mungu amejibu."

Mwatime alikuwa akikaanga mahamri. Hakugeuka. "Lilikuwa na bei kiooni?"

"Sikuona bei."

"Basi hilo ni la tangazo la televisheni. Wewe ulilala hapo kochini imewashwa. Zaid, istikhara si sinema. Unaomba, halafu unatazama Mungu anakufungulia mlango gani."

Mlango ulifunguliwa siku chache baadaye, nao ulikuwa mchungu. Bibi mmoja wa Kisomali alifia nyumbani kwa binti zake, asubuhi, na wakampigia Mwatime. Zaid alikuwa Mesquite na gari la kukodi tulilopewa na bima. Mimi wakati huo sikuwa na leseni. Bisimwa hakushika simu. Mwatime aliwapigia kina mama saba au wanane. Huyu yuko kazini, huyu gari lake ana mumewe, huyu anaogopa barabara kuu. Zaid aliomba ruhusa, msimamizi akamwambia asubiri wenzake wamalize zamu. Tulipofika, jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Jeneza lilikuwa limeshatoka. Binti wawili walimwosha mama yao wenyewe, bila mtu wa kuwaelekeza, na mmoja wao alikuwa amekaa sakafuni na nguo zilizoloa, anarudia kuuliza kama walianza upande wa kulia au wa kushoto. Dada yake mkubwa ndiye aliyetufungulia mlango. Hakukasirika. Alisema tu, "Tulikungoja."

Mwatime aliingia, akakaa na yule binti pale chini, akamshika mikono, akamwambia Mungu anapokea kazi ya mtoto kwa mamake hata ikikosewa. Zaid alibaki mlangoni na funguo mkononi. Lile neno, tulikungoja, alilisikia vizuri.

Tukarudi. Tulipokaribia nyumbani Zaid akasema, bila kumtazama mkewe, "Yule Mkongo wako anajua pikipiki, si ndiyo?"

"Alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki Bukavu."

"Kesho mpigie. Na mimi nitamwambia Abdulbasit atafute Corolla yoyote inayotembea."

Ndivyo ilivyokuwa. Asiseme mtu kuwa Mwatime alimpanda mumewe kichwani. Zaid alikata shauri mwenyewe, kwa aliyoyaona kwa macho yake.

Bisimwa alimfundisha kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, nyuma ya duka lililofungwa. Kwa kuwa ni mwanamume wa kando, ilinibidi niwe nao. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja, mwavuli juu, tasbihi mkononi, jua la Texas likinikaanga.

"Mama, usikamate breki na hasira," Bisimwa alikuwa akimwambia. "Kamata pole pole. Hii kitu inasikiaka mutu."

"Mbona inakwenda kwenye nguzo?"

"Ni juu ya kuangalia nguzo. Weye angalia kwenye unaenda, yenyewe itafuata."

Alianguka mara mbili, akachubuka goti, akacheka. Leseni akapata. Pikipiki yenyewe ilikuwa Honda ndogo nyekundu, si ya kutisha mtu. Alivaa suruali pana, koti refu hadi magotini, mtandio chini ya helmeti, mkoba umefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Kwa stara, nawaambia, hakuna mwanamke aliyefunikwa kuliko Mwatime akiwa juu ya pikipiki. Hata uso hauonekani.

Lakini kwenye darasa la dini la kina mama, pale msikitini, ilikuwa shughuli. Kiongozi wetu alikuwa Bi Jannat, mama wa Kizanzibari, mcha Mungu, mwenye ulimi. Siku ya kwanza Mwatime alipoingia na helmeti kwapani, Bi Jannat akashusha miwani.

"Haya," akasema. "Malaika wa mauti kapata usafiri."

Ukumbi ukacheka. Mwatime naye akacheka, akaketi. "Usiwe na wasiwasi, Bi Jannat. Siku nikija kwako hutanisikia."

Hapo hawakucheka sana.

Miaka miwili akaenda kila alikoitwa, Arlington, Irving, mpaka Fort Worth. Corolla iliharibika mara kwa mara, na Zaid akawa fundi bila kupenda. Pikipiki haikutuangusha. Kisha dada mkubwa wa Bi Jannat akafariki, usiku wa kuamkia Ijumaa, na ndugu wakataka azikwe baada ya sala ya mchana. Asubuhi simu ikalia. Nikaishika mimi.

"Nahla, mwambie Mwatime aje msikitini. Aje na gari."

"Gari liko Mesquite, Bi Jannat."

"Wageni wanatoka Houston, watu wazima. Sitaki kile kitu kisimame mlangoni kwenye msiba wetu. Nitamtuma mwanangu aje amchukue."

Mwatime alikuwa karibu yangu, ameshafunga mkoba. Akaniomba simu.

"Inna lillahi, Bi Jannat. Mungu akupe subira. Huyo mwanao atanichukua mimi peke yangu garini, mwanamume na mwanamke wasio maharimu, kutoka hapa mpaka huko? Wewe si ndiye uliyetufundisha kuwa jambo hilo ni haramu?"

Sauti ya upande wa pili ilitoka simuni mpaka mimi nikaisikia.

"Basi njoo utakavyokuja," Bi Jannat akasema. "Ila kiegeshe nyuma, penye mapipa ya taka."

Mwatime akaweka simu chini. "Nimekwenda kwa maiti wangapi wa watu na pikipiki hii," akaniambia, "siendi kwa dada yake kama mwizi. Wifi, panda. Nahitaji mtu wa kunimiminia maji."

Sikuwa nimewahi kupanda. Nilimshika kiunoni nikafumba macho, nikasoma Ayatul Kursi mpaka ikaungana na nyingine. Aliingia na pikipiki uwanja wa mbele wa msikiti, akaisimamisha kwenye nafasi halali kabisa, katikati ya magari yanayong'aa, akafungua mkoba wake, akaingia ndani.

Sitaeleza alivyomwosha yule mama, maana siri ya maiti hubaki na mwoshaji. Nitasema tu kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi, kwamba alimsemesha kwa jina muda wote, samahani mama nakugeuza, samahani mama maji haya, na kwamba Bi Jannat alisimama pembeni na kata ya maji, analia bila sauti, na kila alipoelekezwa mahali pa kumimina, akamimina.

Tulipomaliza kusafisha chumba na kutoka, sala ya Ijumaa na ya jeneza zilikuwa zimekwisha. Mwatime alikuwa na zamu Cedar Hill na hakuwa na muda. Tukaitafuta pikipiki, hatukuiona. Mwana wa Bi Jannat alikuwa ameegesha gari lake jeusi, kubwa kama chumba, mbele yake kabisa, ili wageni wa Houston wasiione. Na nyuma ya gari lile yalikuwa yamepangana magari mengine yakisubiri kufuata jeneza. Vijana wakatutazama. Mmoja akasema si asubiri tu, watu wakishazika wataondoka.

Mwatime akavaa helmeti. "Kuna wazee wananisubiri, nao bado wako hai," akasema.

Bi Jannat akatokea mlangoni, macho mekundu.

"Mwatime."

"Abee, Bi Jannat."

"Umemwosha dada yangu kama mamako. Mungu akulipe."

"Amin."

"Lakini kile kitu bado sikipendi."

"Si lazima ukipende, mama. Mwambie tu mwanao akipishe."

Nilidhani atafoka. Bi Jannat akamgeukia mwanawe na kumwonyesha kwa kidole kimoja: rudi nyuma. Gari jeusi haliwezi kurudi mpaka la nyuma yake lirudi, na la nyuma yake mpaka lile jingine. Basi wanaume wenye kanzu na kofia, na wageni watu wazima wa Houston, na yule kijana aliyesema asubiri, wote wakaingia kwenye magari yao wakarudi nyuma mmoja baada ya mwingine, mpaka njia ikapatikana.

Nikapanda nyuma yake. Safari hii sikufumba macho. Mwatime akapita katikati yao taratibu, kioo cha helmeti kimeinuliwa, akitoa salamu kwenye kila dirisha. Na kila dirisha likamjibu, mpaka la mwisho, maana kuijibu salamu ni faradhi.